Jinsi ya kupanga miadi kwenye kliniki ya kufunga uzazi mbwa na paka bila siku kuvurugika

Wadau mnaokaa mapokezi kwenye kliniki za wanyama, hasa hizi ndogo za hapa Dar zenye daktari mmoja, msaidizi mmoja na meza moja ya upasuaji, hii nawaandikia nyinyi. Miadi ya kufunga uzazi sio kama miadi ya chanjo. Chanjo ukikosea mtu anasubiri nje robo saa anakasirika basi, ila upasuaji ukipanga vibaya kuna mbwa anatoka kwenye nusu kaputi hakuna kizimba cha kumlaza, au kuna paka mdogo kakaa na njaa mpaka saa nane mchana sukari imeshuka anatetemeka, na hapo daktari hata awe hodari vipi anahangaika na kitu kilichoanzia kwenye daftari.

Kwanza acha kuhesabu vichwa. "Kesho tunachukua wanyama kumi" haikwambii chochote. Kuhasi paka dume ni dakika chache tu, lakini kutoa kizazi cha German Shepherd jike mwenye mafuta inaweza ikala saa nzima na zaidi, na hapo bado kumnyoa, kumlaza na kumwamsha. Tumia pointi: paka dume 1, paka jike 2, mbwa dume 3, mbwa jike mdogo 4, mbwa jike mkubwa au mnene 6. Kaa na daktari wenu muulize siku ikienda vizuri anamaliza kazi kiasi gani bila kukimbizana, igeuzeni iwe pointi, tuseme 20, na ukifika hapo umefika, hata aliyepiga simu awe rafiki wa bosi. Alafu hesabu vizimba. Mnyama haondoki mpaka asimame mwenyewe, kwahiyo vizimba vikiisha na pointi bado zipo, siku imejaa. Na dume ambaye korodani moja haijashuka usimwandike 3, huyo mara nyingi anafunguliwa tumbo, mwandike kama jike.

Sasa maswali ya kwenye simu, hapa ndo pa kutulia. Uliza jike au dume, umri, ukubwa, kachanjwa au bado, anakula vizuri au hapana. Kwa paka wadogo jibu la jike au dume lichukue kwa tahadhari maana wengi wanakosea, acha nafasi kidogo kwenye pointi. Kwa mbwa jike uliza mara ya mwisho kutoka damu ilikuwa lini. Akiwa kwenye joto mishipa ya kizazi imejaa damu na madaktari wengi wanapenda asubiri miezi miwili mitatu tangu joto liishe, kwahiyo mpe tarehe ya mbele na mwambie afungiwe ndani mpaka hapo. Lakini mtu akikwambia "yupo kwenye joto mwezi wa pili sasa damu haikati", hilo sio joto, joto la kawaida ni kama wiki mbili tatu hivi. Inaweza kuwa uvimbe ule wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, upo sana kwa mbwa wetu wanaozurura. Huyo mpe miadi ya kuonwa, sio ya upasuaji.

Na kuna mmoja usimpe miadi kabisa, mwambie aje leo leo: mbwa jike mtu mzima, hajafungwa uzazi, alikuwa kwenye joto wiki kadhaa nyuma, sasa hataki kula, anakunywa maji mengi, pengine anatoka usaha au tumbo limevimba. Huenda kizazi kimejaa usaha hapo. Ukimwandikia Alhamisi ijayo anaweza asiifikie. Bandika hizo dalili karibu na simu ili hata siku umetoka, aliyekaa kwenye kiti chako azione.

Uliza pia kupe. Homa ya kupe inashusha zile chembe zinazogandisha damu, mbwa anaonekana mzima kidogo tu kapoa, ukimpasua damu haikati. Ukisikia ana kupe wengi, fizi nyeupe, au ametoka damu puani, aje apimwe kwanza.

Paka mwenye watoto anaowanyonyesha subiri waanze kula wenyewe, ila sisitiza afungiwe ndani maana paka anashika mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Na mtu akisema "nasubiri azae mara moja kwanza" mweleze kwa upole kwamba hamna faida yoyote ya kiafya na kwamba paka anaweza kushika mimba ana miezi minne tu, kwahiyo asingoje mwaka.

Kitu ambacho naona kinaharibu siku nyingi kuliko vyote ni chakula. Mwenye mbwa yupo ofisini Posta, amekupigia yeye, ameelewa vizuri, amelipa, alafu asubuhi dada wa kazi au mlinzi kamwekea mbwa ugali na dagaa kama kawaida yake kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kwahiyo wakati wa kuandika miadi uliza "nani anamlisha?" na uchukue namba ya huyo. Jioni ya kabla mpigie yeye, usitume meseji tu. Mwambie chakula mwisho saa nne usiku, maji asiondolewe mpaka asubuhi, na paka wa ndani afungiwe chumbani asiende kula kwa jirani. Watoto wa mbwa na paka chini ya miezi minne hawakai na njaa usiku kucha, wanapewa kidogo alfajiri kama daktari wenu alivyoelekeza. Mwezi wa Ramadhani ongeza sentensi moja: paka asipewe mabaki ya daku. Watu wanaamka, sahani za samaki zipo chini, paka anakula, na hamna aliyefanya kusudi.

Muda wa kufika usiandike wote saa mbili. Paka waje saa moja na nusu, mbwa saa mbili na nusu, hapo katikati unapokea fomu na kupima uzito bila kelele. Paka aje kwenye boksi lenye matundu au tenga la kuku lililofungwa kitambaa juu, sio kiroba maana hapati hewa, na sio mikononi maana akisikia mbwa amepotea hivyo. Mbwa aje na kamba hata kama ni mpole. Kama anayemleta sio mwenye mnyama, ridhaa ipatikane siku moja kabla, maana huwezi kuanza kumtafuta bosi kwenye kikao wakati mbwa keshachomwa sindano.

Mezani wanaanza wadogo kwa sababu ya ile njaa, kisha mbwa majike wakubwa ili wapate mchana mzima wa kuamka mkiwaangalia, paka dume wanajaza nafasi zinazobaki, na mwenye mafua au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza kama daktari kakubali kumfanya basi awe wa mwisho.

Wasiotokea wapo, hasa masika barabara zikijaa maji. Chukua advansi kidogo kwa simu, kumbusha siku mbili kabla, na uwe na listi ya akiba ya watu wanaokaa karibu, lakini hao wa akiba wawe na paka dume au mbwa dume wadogo. Kuzidisha miadi ya mbwa jike wakubwa ukitegemea mmoja hatokuja ni hatari, siku wakija wote daktari atapasua amechoka. Wanaokamata paka wa mitaani usiwabane na majina, watengee idadi ya nafasi kwa siku fulani maana mtego haujui ratiba, na ncha ya sikio la kushoto ikatwe wakati paka amelala, iwe alama kwamba keshafungwa uzazi ili asije kukamatwa tena.

Jumamosi mimi siandiki mbwa jike kama Jumapili mmefunga, kidonda kikifunguka nani atapokea? Desemba ulizeni kama familia inasafiri kwenda mkoani, maana mbwa aliyeachwa na mlinzi peke yake hana wa kumwangalia asilambe nyuzi. Jumanne ya mwisho ya Februari ambayo ni siku ya dunia ya kufunga uzazi wanyama, kliniki nyingine zinashusha bei na simu zinamiminika, gawanyeni hiyo ofa wiki nzima, joto la Dar la mwezi huo na chumba kilichojaa mbwa waliolala haviendani.

Kabla mtu hajaondoka na mnyama wake mwandikie palepale tarehe ya kutoa nyuzi, siku ya 10 mpaka 14, na kesho yake asubuhi mpigie yule anayelisha umuulize amekula, amekunywa, kidonda kikavu? Mwenye dume mkumbushe kwamba bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kama nyumbani kuna jike wawatenganishe.