Somo: Kupima umri wa graniti za metali adimu kwa zirkoni, kemia ikitangulia

Ukitaja zirkoni (madini magumu ya punje ndogo) Mombasa, mtu atawaza mchanga wa Kwale uliochimbwa hadi mwisho wa 2024 na kupakiwa melini Likoni. Somo hili ni la zirkoni nyingine, ile iliyomo ndani ya graniti zenye bati, tantalamu, niobiamu au lithiamu, mfano Jos huko Nigeria na Abu Dabbab kule Misri. Kisiwani tumekalia matumbawe, kwa hiyo sampuli zenu zitatoka mbali. Zitunzeni.

Zirkoni inapoganda ndani ya magma huikaribisha uraniamu na kuikataa risasi (ile metali nzito). Karibu risasi yote utakayoikuta humo imezaliwa humo humo. Uraniamu-238 hugeuka risasi-206 kwa nusu maisha ya miaka bilioni 4.47, na uraniamu-235 hugeuka risasi-207 kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya punje moja, na zikikubaliana umepata umri. Taabu ya graniti hizi ni kwamba uraniamu imezidi. Unururifu wake huivunja fuwele kutoka ndani mpaka ipoteze mpangilio (hali hiyo huitwa metamikti), kisha maji ya moto hupenya, hutoa risasi na kuingiza takataka. Ndiyo maana nasisitiza kemia kwanza, umri baadaye.

Hatua ya 1: Jiwe. Chukua kilo kadhaa za jiwe lisilooza. Andika kama ni graniti yenyewe au ni sehemu iliyogeuzwa na maji ya moto, yenye ulanga mwingi na kwatzi. Ukisaga, vaa barakoa. Vumbi la kwatzi halina huruma na mapafu. Na sisi wa Pwani tuna shida yetu: mchanga wa ufukweni una zirkoni. Punje moja ikinasa kwenye chekeche itakuletea umri usiohusiana kabisa na jiwe lako. Usisagie uani penye mchanga, na piga chekeche brashi kila sampuli.

Hatua ya 2: Kutenganisha. Maji, sumaku, kimiminika kizito. Angalieni hapa: zirkoni iliyoharibika ina chuma kwenye nyufa, hivyo huweza kuvutwa na sumaku yenye nguvu. Msitupe sehemu hiyo kabla ya kuitazama kwa hadubini.

Wengi wamefundishwa kuokota punje safi zinazong'aa. Kwa graniti ya kawaida ni sawa. Kwa hii, punje safi huenda ni wageni, yaani zirkoni kongwe zilizobebwa na magma kutoka miamba ya chini, huku wenyeji wakiwa ni zile za kahawia zenye ukungu. Okota za aina zote na uzitenge.

Hatua ya 3: Picha. Panga punje kwenye epoksi, zisugue hadi katikati, piga picha. Picha za kathodoluminisensi (mwanga ambao punje hutoa ikipigwa elektroni) mara nyingi zitatoka nyeusi tii kwa wingi wa uraniamu. Tumia basi picha za elektroni zinazorudi nyuma. Hizo huonyesha matabaka, nyufa na vishimo.

Hatua ya 4: Kemia. Pima elementi kwenye kila doa (pale leza inapopima kwenye punje) kabla hujakokotoa umri wowote.

Hafniamu (metali inayofanana na zirkoniamu): zirkoni ya graniti ya kawaida ina asilimia 1 hadi 2 hivi ya oksidi yake. Magma inavyozidi kukomaa, hafniamu hupanda, na katika graniti za tantalamu huweza kupita asilimia 5. Ikipanda taratibu kutoka kiini hadi ukingo, unaona magma ikikomaa ndani ya punje moja.

Kalisi, alumini na chuma: fuwele nzima haina nafasi yao. Zikiwa juu, maji yamepita hapo.

Lanthanamu na seriamu: zirkoni ya magma ina lanthanamu kidogo mno na seriamu inayochomoza juu ya majirani zake. Mstari wa grafu ya elementi hizo ukiwa bapa upande huo, doa limegeuzwa au leza imegonga kipande cha monaziti (madini mengine yenye lanthanamu na seriamu nyingi). Europiamu, ya jamii hiyo hiyo, ikizama sana kwenye mstari isiwatishe. Feldispa, madini makuu ya graniti, imeichukua mapema.

Madoa yaliyofeli hapa wekeni alama nyekundu. Mkishaona umri mnaoupenda, hamtayahukumu kwa haki.

Hatua ya 5: Umri. Endesha zirkoni rejea (zenye umri unaojulikana) katikati ya sampuli, mfano 91500 (miaka milioni 1,065) na Plešovice (milioni 337). Chora konkodia (grafu inayolinganisha zile saa mbili), ukokotoe kwa madoa yaliyofaulu tu. Kama ni matano, ni matano.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanajuma, Kisauni: Shikamoo mwalimu. Uwiano wangu wa thoriamu kwa uraniamu uko chini ya 0.1. Msimamizi anasema ni zirkoni ya metamofiki, yaani iliyozaliwa mwamba ulipogeuzwa na joto na mgandamizo.

*Marahaba mwanangu. Kanuni hiyo ina mipaka. Hapa uraniamu imevimba, kwa hiyo uwiano hushuka hata kama zirkoni imezaliwa kwenye magma. Mwonyeshe matabaka kwenye picha pamoja na hafniamu, si uwiano peke yake.*

Karisa: Nilitumia boriti ya ayoni badala ya leza. Punje zenye uraniamu nyingi zimetoa umri MKUBWA kuliko zingine. Si ungetarajia risasi ipotee umri upungue?

*Ungetarajia, ndiyo. Lakini juu ya takriban sehemu 2,500 za uraniamu kwa milioni, kipimo hicho huanza kusoma umri mkubwa kupita ukweli, kwa kuwa punje iliyoharibika haitoi ayoni sawa na zirkoni rejea. Chora umri dhidi ya uraniamu. Mstari ukipanda, hiyo si jiolojia, ni mashine.*

Omari, Changamwe: Kipimajoto cha titani je, kile cha kukadiria joto la magma kwa titani iliyomo kwenye zirkoni?

*Kwa graniti hizi sikiamini sana. Lazima ujue titani ilikuwa tele kiasi gani kwenye magma, na ufa mdogo tu wenye oksidi ya titani huharibu hesabu.*

Mwanajuma, Kisauni: Na madoa ya zirkoni yakifeli yote?

*Hamia madini mengine ya jiwe hilo hilo. Kolumbaiti-tantalaiti (madini ya niobiamu na tantalamu) ina uraniamu na hupimika, kasiteraiti (madini ya bati) vilevile, na monaziti ikiwepo. Faida yake ni kwamba kolumbaiti ndiyo madini yenyewe yanayotafutwa. Umri wake ni umri wa mali, wakati zirkoni inakupa umri wa graniti.*

Karisa: Naweza kufanyia mazoezi mchanga wa Kwale?

*Kuokota, kupanga na kupiga picha, sawa kabisa. Ila usiandike wastani wa umri wake. Kila punje imetoka mwamba wake.*