Kifusi kiende kontena dogo, makuti kubwa
Wenzangu mnaokarabati nyumba hapa Mombasa, kwa kifusi agizeni kontena dogo la taka, lile la kukodi. Mita moja ya ujazo ya mawe na zege yaweza kupita tani moja. Kontena kubwa likijaa, lori hushindwa kulinyanyua nanyi mnabaki kulipakua. Kubwa liwekeni kwa makuti, matawi na mbao, vitu vya kujaza nafasi tu, uzito hamna. Na tafadhali sana, msichanganye! Kifusi kisafi hakikosi mtu wa kujazia kiwanja, ila kikishaingia makuti na mifuko, chote ni safari ya jalala la Mwakirunge. Dari za jipsamu ziwe kando: zikilowa pamoja na taka zinazooza zaweza kutoa gesi ya sumu. Mabati, muiteni mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye lori naye aonyeshe leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla hajapakia.