Jinsi ya kusoma utafiti wa mafuta na kansa, halafu uingie nao jikoni

Ukikuta kwenye grupu la WhatsApp mtu katupia meseji kwamba mawese yanaleta kansa na wanasayansi wamethibitisha, usiisambaze kwanza, na dumu lako usilimwage. Utafiti wenyewe upo kweli na ni wa maana sana, ni wa Salvador Aznar Benitah na timu yake pale IRB Barcelona, taasisi ya utafiti huko Hispania, ulitoka kwenye jarida la Nature mwishoni mwa 2016 halafu ukaja wa pili Novemba 2021. Shida ni kwamba ukifika kwetu unakuwa umeshakatwa katwa. Kwa hiyo upitie hivi.

Anza na swali hili: kansa ilikuwa imefikia hatua gani? Hapa ndo wengi wanapotea. Benitah hakuwa anatafuta kinachoanzisha kansa, alikuwa anatafuta kwa nini seli chache tu kwenye uvimbe zinaweza kuhama na kwenda kuota sehemu nyingine ya mwili, maana kusambaa ndo kunakoua wagonjwa wengi kuliko ule uvimbe wa mwanzo. Walichukua seli za kansa ya mdomo za binadamu wakazipandikiza kwa panya, wakakuta zile zinazosambaa zina protini nyingi inaitwa CD36, na CD36 ni kama mlango wa kuingizia mafuta ndani ya seli. Panya waliolishwa mafuta mengi, kansa ikasambaa zaidi, na walipouziba ule mlango kwa antibodi (protini inayong'ang'ania kitu kimoja na kukizuia) kusambaa kukapungua sana, kuna panya hata uvimbe uliokuwa umeshasambaa ukaisha kabisa.

Swali la pili, mafuta gani? Hapa utafiti wa 2021 ndo mtamu. Walijaribu asidi za mafuta, yaani vipande vinavyojenga mafuta, moja moja, na iliyochochea kusambaa ni asidi ya palmitiki, wakati oleiki iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni na linoleiki inayopatikana kwenye alizeti hazikufanya hivyo. Tena seli zilizoshiba palmitiki zikihamishiwa kwa panya mwingine anayekula chakula cha kawaida zinabaki na ukali wake vilevile, zinakumbuka zilichokula! Jeni zenyewe hazijabadilika, kilichobadilika ni namna zinavyowashwa na kuzimwa.

Swali la tatu, nani kapimwa. Panya, wenye kansa ya mdomo na melanoma, aina kali ya kansa ya ngozi. Kwa hiyo huwezi kumwambia mama ntilie kwamba maandazi yake yanaua, lakini pia usiseme "aah ni panya tu", maana dawa nyingi za kansa tunazotumia zilianzia kwa panya.

Haya sasa jikoni. Mawese karibu 44% ya mafuta yake ni palmitiki, alizeti ni kama 6% hivi, siagi, samli na mafuta ya ng'ombe yanacheza kwenye robo au zaidi kidogo, kwa hiyo aliyekimbia mawese akahamia samli kwa kila kitu hajafika mbali. Dukani geuza chupa usome viambato kwa nyuma, maandishi makubwa ya mbele kwamba hayana kolestro hayakusaidii hapa kwa sababu mafuta ya mimea karibu yote hayana kolestro ya kuhesabika, unachotafuta ni kama wameandika mawese au palm olein, yaani sehemu ya mawese iliyo kimiminika. Kama unanunua ya kupima muombe muuzaji akuonyeshe dumu lilivyokuja. Na ukiwa sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, angalia chupa asubuhi, yenye mawese mara nyingi inafanya ukungu mweupe na kuganda chini.

Kiasi nacho kina hesabu yake. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mafuta yaliyoshiba (saturated fat), ambayo palmitiki ni mojawapo, yasizidi 10% ya nishati ya siku, kwa anayekula kalori 2000 ni kama gramu 22, na vijiko vitatu vya mezani vya mawese vinakaribia kuimaliza yote kabla hujagusa nyama wala maziwa. Usitafute sifuri lakini, mwili wenyewe unatengeneza palmitiki kutoka kwenye sukari na wanga, haiwezekani kuiondoa yote.

Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa kansa, tafadhali sana, usimkatie mafuta kwa sababu ya meseji. Wagonjwa wengi wanakonda kwenye matibabu na kukonda kunawafanya washindwe kuvumilia dawa, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4, ukiyaondoa bila kuweka kitu kingine unammalizia nguvu. Badilisha aina tu, uji uwekee karanga, mboga ipikie alizeti, halafu siku ya kliniki andika kwenye daftari alichokula wiki nzima na mafuta gani yalitumika, muonyeshe mtaalamu wa lishe au daktari umuulize kabla hujapunguza chochote.