Jinsi ya Kupanga Safari ya Jangwani na Kulala kwa Mabedui wa Wadi Rum: Maelezo kwa Msafiri wa Lamu

Msafiri wa Lamu anayepanga kwenda Yordani kwa kawaida hufikiria gari kwanza, kwa sababu picha za Wadi Rum karibu zote zinaonyesha pikapu ikikata mchanga mwekundu. Ushauri wangu ni kwamba aanze kwa kumtafuta mwenyeji, kwa maana gari, chakula, malazi na hata saa ya kuamka vyote vimo mikononi mwa mtu huyo. Bonde lenyewe liko kusini mwa nchi, mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka bandari ya Aqaba na saa nne hivi kutoka Amman. Limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011, kama ulivyo Mji wa Kale wa Lamu tangu mwaka 2001. Wanaoendesha magari na kambi za huko ni Mabedui, Waarabu wa jangwani, wengi wao wakazi wa kijiji cha Rum kilicho ndani ya bonde. Kwetu neno "bedui" pengine hutumika kumsema mtu asiye na adabu; matumizi hayo yaache nyumbani, kwa kuwa kule ni jina ambalo mtu hujitambulisha nalo kwa fahari.

Ukishapata majina ya wenyeji wawili au watatu, waandikie moja kwa moja kabla ya kupitia kwa wakala, na uulize mambo kwa uwazi: bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, matembezi ni ya saa ngapi na yanapita wapi, chakula cha mchana na maji ya kunywa vimo au havimo, na utachanganywa na wageni wengine au la. Swali ambalo wengi hulisahau ni kama kambi iko ndani ya eneo la hifadhi au pembeni yake. Ziko kambi kubwa zenye vyumba vya duara vya plastiki inayopitisha mwanga, vyenye kiyoyozi na taa nyingi, na sina ugomvi na anayezipenda, ila mtu aliyesafiri mbali hivyo ili aone giza la jangwa atakuwa amelipia taa. Chagua kambi ndogo. Chagua pia usiku wake: ukienda mwezi ukiwa umekaribia kuandama, anga hujaa nyota kiasi kwamba hata nahodha wa jahazi atasimama kimya.

Habari za viza ziulize ubalozini kabla ya kukata tikiti, na ubebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kiingilio cha hifadhi ni dinari 5, nacho hulipwa katika kituo cha wageni kabla ya kijiji.

Jambo linalowaponza watu wa pwani ni baridi. Mimi nilikwenda mwezi wa Januari nikiwa na kikoi, shati mbili na koti jepesi la mvua, kwa imani kwamba jangwa ni joto, na usiku ule nilikaa macho nikiwa nimejifunika mablanketi matatu ya mwenyeji huku meno yakigongana. Kuanzia Desemba hadi Februari joto la usiku hushuka karibu na nyuzi sifuri, ilhali wakati wa kiangazi cha huko, Juni hadi Agosti, mchana huweza kufika nyuzi 40. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ndiyo yenye nafuu, na hata hapo beba sweta nzito, soksi, tochi na kitambaa kirefu cha kufunga kichwani, kwa sababu pikapu nyingi zina mabenchi nyuma na vumbi halimchagui mtu.

Dereva akisimama kupunguza upepo wa magurudumu, usidhani gari limeharibika. Gurudumu lililolegea kidogo hutanda juu ya mchanga badala ya kuzama. Matembezi ya kawaida hupita kwenye ufa mwembamba wa Khazali, ambao kuta zake zina michoro ya watu na wanyama pamoja na maandishi ya kale, kisha kwenye daraja la mwamba la Um Frouth na kwenye matuta ya mchanga. Michoro usiiguse, na mvua ikitishia usimlazimishe dereva akuingize katika nyufa hizo, kwa kuwa maji ya mafuriko hufika ghafla kutoka milimani. Anayesali akumbuke kwamba kibla, ambacho kwetu Lamu ni kaskazini, huko kiko kusini kwa kuelekea mashariki kidogo. Mazoea yana nguvu, na mimi niligeuzwa bega na mzee mmoja kabla sijatoa takbira.

Jioni utakaribishwa kwenye hema la manyoya ya mbuzi, ambayo yakilowa hufura na kuziba matundu, hivyo mvua haipenyi kwa urahisi. Vua viatu, salimia kwa mkono wa kulia, kaa unapoonyeshwa. Kahawa huletwa katika dele, ambalo wao huliita dalla, na humiminwa kidogo tu katika kikombe kisicho na mkono, jamaa wa finjani zetu. Ni chungu na ina harufu ya iliki. Ukirudisha kikombe hivihivi kitajazwa tena, kwa hiyo ukitosheka kitikise kidogo kwa vidole kabla ya kukirudisha. Ukitaka kuwapiga picha wanawake wa nyumba, omba ruhusa kwanza, na ukinyimwa usirudie.

Chakula kikuu cha usiku ni zarb. Mwenyeji huwasha kuni ndani ya shimo mpaka zibaki makaa, kisha huteremsha trei za chuma za ghorofa, kuku au kondoo juu na viazi, vitunguu na karoti chini ili mafuta yazidondokee, na kufunika yote kwa kifuniko, blanketi na mchanga. Sisi hupalia wali kwa makaa juu na chini. Wao hukizika chungu kizima. Baada ya saa mbili au tatu mchanga huondolewa, na inafaa uwe umesimama pale kifuniko kinapoinuliwa, kwa sababu mvuke ule wa kwanza haungojei mtu aliyekwenda kutafuta simu yake.

Usiku huohuo agiza kupitia kwa mwenyeji teksi ya kukurudisha Aqaba kesho yake, kwani mtandao hukatika kati ya majabali. Alfajiri panda mwamba ulio karibu na kambi uone jua likichomoza, kisha unywe chai ya mwenyeji yenye sukari nyingi kabla ya pikapu kukurudisha kijijini. Bahashishi ya dereva mpe mkononi wakati wa kuagana.