Kabla hujaanza kurusha linki za kamisheni msimu huu wa korosho, soma hapa kwanza

Naandika haraka haraka maana minada inakaribia na tayari naona vijana wa Masasi, Newala na hapa Mtwara mjini wanaweka linki kwenye statasi asubuhi mchana jioni. Sawa, kazi ya kamisheni ipo na watu wanakula kupitia hiyo: unachukua linki yako kwa muuzaji, mtu akiingia kupitia linki hiyo akanunua, unapewa asilimia. Duka sio lako, mzigo sio wako, ndio maana kila mtu anaona ni rahisi. Ila kabla hujatoa hata mia ya matangazo pitia haya.

Fungua imeili ya kazi peke yake, usichanganye na ile ya kuangalizia matokeo ya mtoto. Washa ulinzi wa hatua mbili kwenye kila akaunti, yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Laini ya kazi isajiliwe kwa jina lako, sio la shemeji.

Ukiambiwa utoe kiingilio ndio upewe linki, halafu hela yako inatokana na watu utakaowaleta na sio bidhaa zitakazouzwa, hiyo sio kazi ya kamisheni, ni upatu. Waliokuwepo 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI, siongezi neno.

Jua hela itakufikiaje kabla hujauza chochote. Watu wanajiunga na programu za nje, wanajaza PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, wakati akaunti za PayPal zinazofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia tu, sio za kupokelea. Kwa hiyo angalia kama wanalipa kwa Payoneer, ambayo ni huduma ya kupokelea hela za nje, au moja kwa moja benki, na kiwango cha chini cha kulipwa ni kiasi gani.

Masharti soma, najua hamsomi. Nachukua Amazon kama mfano maana ndio wengi wanaikimbilia: mtu akiklik linki yako una saa 24 tu, akinunua kesho kutwa hupati kitu, isipokuwa kama aliweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya zile saa. Ukipitisha siku 180 bila mauzo matatu yanayokubalika akaunti inafungwa. Kujinunulia mwenyewe kwa linki yako hairuhusiwi, na kutuma linki zao kwa imeili kuna masharti yake, yasome kwanza. Halafu hela ya mwezi huu inakuja kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo usiahidi kodi ya nyumba kwa hela hiyo. Na jiulize swali dogo tu, nani hapa Ligula ataagiza kitu Marekani? Linki za Amazon ni kwa mwenye wasomaji wa nje.

Zana sasa, wala hazihitaji mtaji. Meta, wenye Facebook, wana maktaba ya matangazo iko wazi kwa kila mtu, unaingia unaona wenzako wanatangaza nini na tangazo limeanza lini, lililokaa muda mrefu mara nyingi ndio linalolipa. Google Trends inakuonyesha watu wanatafuta nini na miezi gani. Kila sehemu unapoweka linki ipe alama yake, kama programu inaruhusu ID tofauti, yaani utambulisho tofauti kwa kila linki, basi grupu la WhatsApp liwe na yake, ukurasa wa Facebook yake, TikTok yake, na kama una ukurasa wako mwenyewe weka zile alama za utm, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki, ili Google Analytics ikuambie mteja katokea wapi. Bila hivyo utakuwa unamwaga hela sehemu ambayo haijawahi kukuletea hata mteja mmoja na hujui. Linki zilizofupishwa usizitegemee sana, watu wanaziogopa na hao Facebook wenyewe wakati mwingine wanazizuia. Na daftari, jamani, daftari au Excel: tarehe, hela uliyotoa, oda zilizoingia, oda zilizolipwa. Hizo mbili za mwisho zisikae safu moja, na sasa nawaambia kwa nini.

Mtoto wa shangazi yangu yuko Newala, kijana mchangamfu, anajulikana. Mwaka mmoja alichukua linki za duka moja la mtandaoni la Dar, simu, sola na spika, kamisheni nzuri tu, na mteja analipa mzigo ukifika. Akapiga hesabu kwamba msimu ukifunguka watu wana hela, akakopa kwenye kikoba cha mama yake, akabusti matangazo, yaani akailipa Facebook iyasambaze, Newala na Tandahimba. Tangazo lilikuwa zuri, sikatai, aliongea kwa lugha yao na akaweka picha ya sola juu ya banda. Oda zikamiminika. Kila jioni anatutumia skrinishoti ya dashibodi, ule ukurasa unaoonyesha kamisheni zake, kwenye grupu la familia, namba inapanda, na sisi tunapiga makofi, shangazi ameshaanza kuongelea bati.

Kile ambacho hakuna aliyekiangalia ni neno dogo pembeni ya ile namba: inasubiri. Kamisheni ilikuwa inathibitishwa mteja akishapokea mzigo, akalipa, na siku za kurudisha zikapita. Sasa angalia huku kwetu mambo yanavyokwenda. Watu waliagiza siku waliyosikia mnada umepita na bei imetangazwa, lakini bei kutangazwa sio hela kuingia, mnunuzi alipe kwanza, ipite chama kikuu cha ushirika, ishuke AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, ndio ifike kwenye akaunti ya mkulima, na hapo katikati zinapita siku. Mzigo ukafika kabla ya hela. Na haukufika Newala, uliishia stendi ya Mkanaledi, dereva anampigia mtu yuko kijijini Kitangari aje Mtwara mjini kuchukua spika. Nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya shamba, na hela hana. Atakuja? Akasema rudisheni. Wengine wakazima simu kabisa.

Oda zikafutwa moja moja na ile namba ikashuka mpaka ikabaki kidogo cha kuchekesha. Hela ya matangazo ilishakatwa siku nyingi, Facebook haimsubiri mkulima. Kikoba kinataka chake. Lakini kilichomuuma zaidi ni watu, maana wachache waliolipa wakapata sola yenye betri mbovu hawakupiga simu Dar, walikwenda nyumbani kwa shangazi. Duka hawalijui. Wanamjua aliyewatumia linki.

Kwa hiyo ukiwa huku kusini, kabla ya kampeni agiza wewe mwenyewe kitu kimoja, kwa bei kamili, bila kupitia linki yako ili usivunje masharti, mpaka kijijini unakotaka kuuza. Ona unapigiwa na nani, unachukulia wapi, unalipa nini cha ziada, na ukitaka kurudisha inakuwaje. Uliza kwa maandishi kamisheni inathibitishwa lini na asilimia ngapi ya oda za Mtwara na Lindi zinakataliwa, wakikwepa swali umeshajibiwa. Anza na hela ya tangazo ambayo ikipotea hakuna mtu wa kikoba atakayekuja kukaa barazani kwenu, na usiongeze mpaka kamisheni ya kwanza iingie kwenye simu au benki. Msimu ulenge wiki ambazo hela zimeshashuka kwenye AMCOS, sio siku ya mnada.

Siku za kufika usiahidi wewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar kule Kilwa upande wa Somanga, magari yakalala, na mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Vitu kama hivi huwezi kuvipangia.

Usitegemee muuzaji mmoja. Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019, aliyekuwa amejaza linki zao kila mahali alibaki na linki zisizokwenda popote. Namba za wateja wako zitunze, kwa ridhaa yao, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo.

Sema wazi kwamba ukinunua hapa napata kamisheni. Lindi na Mtwara watu watajua tu, bora wajue kwako. TIN, namba ya mlipa kodi, chukua. Ukifika kufungua blogu ya habari au TV ya mtandaoni kanuni za maudhui za 2020 zinataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, soma na marekebisho yake. Dawa za nguvu za kiume na za kupunguza tumbo kamisheni yake ni kubwa na utazikuta kila mahali, achana nazo. Neno la siri usimpe mtu anayejiita huduma kwa wateja. Na kama dashibodi imefika kiwango cha kutoa, toa siku hiyohiyo.