Jinsi ya kujenga ngome ya Chittor kwa mchanga, afu uizingire

Hii tumeifanya Shangani na wapwa zangu, maji yakishakupwa na mchanga ukiwa bado mbichi, mkavu hausimami hata ufanyeje.

Wengi wanakimbilia ukuta, acha kwanza. Anza na kilima, maana Chittor yenyewe, huko Rajasthan India, imekaa juu ya kilima cha kama mita 180, so lundika mchanga mpaka kiunoni kwa mtoto, juu uwe bapa na mrefu kama nguru. Afu chomeka vifuu vya nazi ujaze maji, hayo ndo mabwawa, wanasema zamani yalikuwa 84, yaani kuwasubiri walio ndani washikwe kiu utazeeka. Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, mwaka 1303 alikaa pale akiizingira miezi kama 8. Ukuta sasa ndo unafuata, na njia ya kupandia yenye mageti 7, ipindepinde. Askari weka korosho mbovu, nzuri mtazila kabla vita haijaanza.

Kuzingira fanyeni ule wa Akbar, mfalme wa Mughal, Oktoba 1567 mpaka Februari 1568. Jamaa alichimbisha mahandaki mawili chini ya ukuta akayajaza baruti, la kwanza likalipuka, ukuta ukafunguka, askari wake wakavamia mbiombio kumbe la pili bado, likawalipukia wenyewe, wakafa kama 200. Chimba kwa kijiko, taratibu. Letu lilishuka mpwa wangu akiwa kaingiza mkono mpaka kwapani, akala mchanga, dada akanisema mpaka jioni.

Kitu cha kutoruka ni sabati, njia iliyofunikwa inayopanda mdogomdogo hadi ukutani ili watu wasitunguliwe na walioko juu. Simamisha vijiti vya muhogo pande mbili, juu lalia makuti, wao waliezeka ngozi mbichi na bado wajenzi walikufa kila siku.

Ikifika ukutani mtoe Jaimal, kamanda wa ngome, alipigwa risasi usiku akisimamia ukuta uzibwe, na inasemekana mpigaji ni Akbar mwenyewe. Usiku huohuo moto ukaonekana ndani, wanawake wamejichoma wasitekwe, wanaita jauhar, kulivyokucha wanaume wakapigana mpaka wakaisha, afu Akbar akaamuru waliobaki wauawe, inakadiriwa watu 30,000. Hapo mimi sichezeshi korosho, nakaa chini nawasimulia tu.

Vifuu vitoe mapema maji yakianza kujaa, sisi viwili vilienda.