Tazama mota za seli zikipokea amri: magamba ya ngege na hadubini ya shule

Mimi ni fundi wa maabara ya shule hapa Jinja. Wanafunzi wakisomewa kwamba ndani ya seli kuna mota, yaani protini zinazotembea na mizigo, huandika daftarini na kupita. Wakiiona kazi yenyewe kwa macho yao, maswali hayaishi hadi kengele ilie.

Hatua ya 1. Andaa maji mawili: gramu 0.7 za kloridi ya sodiamu katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, na gramu 0.9 za kloridi ya potasiamu katika mililita 100 nyingine. Weka alama kwenye chupa, maana kwa macho hayatofautiani.

Hatua ya 2. Pata ngege aliye hai. Mimi huwaagiza wavuvi wa mwalo wa Masese waniletee mmoja kwenye ndoo ya maji. Mwaka mmoja nilitumia samaki aliyeshinda kwenye barafu, na hakuna kilichosogea. Kwa kibano, ng'oa magamba matatu tu mgongoni, penye weusi, kisha mrudishe samaki majini. Magamba yaingie kwenye maji ya sodiamu papo hapo, yakikauka yamekwisha.

Hatua ya 3. Weka gamba kwenye slaidi, upande wenye ngozi nyeusi juu, na utazame kwa ukuzaji wa mara 100. Utaona seli zenye matawi kama mizizi ya mti, zimejaa weusi hadi nchani. Weusi huo ni vifuko vidogo vya rangi. Hiyo ndiyo mizigo.

Hatua ya 4. Nyonya maji ya sodiamu kwa karatasi ya chujio, dondosha ya potasiamu, na usiondoe jicho. Katika dakika chache weusi hutoka kwenye matawi na kukusanyika katikati, mpaka seli inaonekana kama nukta. Seli haijasinyaa. Matawi yapo palepale, ila matupu.

Hapa tulia na wanafunzi. Potasiamu haikuzigusa mota. Imeamsha ncha za neva zilizobaki kwenye gamba, nazo zikamwaga noradrenalini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva. Seli ikaipokea, kiwango cha cAMP, molekuli ndogo inayopitisha ujumbe ndani ya seli, kikashuka, na kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini kikapoa. Ndipo mota iitwayo dineini ikapata nafasi ya kuvuta vifuko kuelekea katikati, juu ya reli za mikrotubuli, yaani nyuzi za protini zilizomo ndani ya seli. cAMP ikipanda, mota ya pili, kinesini-2, huvipeleka nje, na ya tatu, miosini, huvishika huko pembeni. Katika seli za vyura za namna hii, imeonekana kwamba mota za pande zote mbili hukaa juu ya kifuko kilekile wakati wote. Kwa hiyo seli haiajiri mota mpya kila inapobadili mwelekeo; inabadili nani ana ruhusa ya kuvuta.

Mwanafunzi huuliza: mota isiyo na mzigo hufanya nini? Kinesini-1, ndugu wa kinesini-2, iliyotambuliwa mwaka 1985 katika neva ya ngisi, huchoma molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli, kwa kila hatua ya nanomita 8. Ikikosa mzigo hujikunja, mkia wake ukabana vichwa vyake. Ni kama bodaboda aliyezima pikipiki stejini: hachomi mafuta mpaka apate abiria. Dineini nayo, ili iende mbali, huhitaji dainaktini, kundi la protini saidizi, na protini nyingine ya kuiunganisha na mzigo.

Hatua ya 5. Rudisha maji ya sodiamu, ubadilishe mara mbili tatu. Weusi utatawanyika tena, polepole kuliko ulivyokusanyika.

Potasiamu ikishindwa, dondosha adrenalini iliyozimuliwa kwenye gamba lilelile, kwa kuwa hiyo huigusa seli moja kwa moja. Weusi ukikusanyika, neva ndizo zilizokufa na mota ni nzima. Usipokusanyika, chukua gamba jingine, na kila mwanafunzi achague seli moja, aichore kila dakika.